Shemeji Anatafuta Guzzi

Ukitoka Milano kwa treni, mara nyingi Mandello del Lario huifiki kwa mkupuo mmoja. Tulishuka Lecco, tukapanda treni ndogo inayosimama kila kituo, na kuanzia hapo reli ikajibana baina ya mlima na maji: kulia majabali ya Grigna, kushoto Ziwa Como, na mahandaki yanayokuingiza gizani kila unapoinua simu kupiga picha. Kituo cha Mandello ni kidogo mno. Abiria wengi walioshuka nasi walikuwa wanafunzi na akina mama wenye vikapu, na hakuna hata mmoja aliyetazama kiwanda kilichoegemea reli pale pale, ingawa sisi tulikuwa tumesafiri kwa ajili yake.

Tulikuwa watatu: dada yangu, mume wake, na mimi niliyetoka Unguja kuwatembelea. Shemeji amefanya kazi Milano miaka mingi, watoto wameshakua, na sasa anataka pikipiki ya kutembelea milimani mwisho wa wiki. Angeweza kununua ya Kijapani au ya Kijerumani, ambazo wauzaji wake hawako mbali na nyumbani kwake. Hakutaka. Alitaka Moto Guzzi. Shida ni kwamba Guzzi zina majina mengi, na kila usiku baada ya chakula alikuwa akinifungulia picha kwenye simu. Leo anaitaka hii, kesho ile, mpaka dada akachoka.

"Twendeni huko huko zinakotengenezwa," alisema. "Mkazikalie, mkaziendeshe, tumalize maneno."

Mimi niliingizwa msafarani kama mjuzi. Ujuzi wenyewe ni wa Vespa. Mjini Unguja Vespa zimejaa hadi leo, na marehemu baba alikuwa na yake, ambayo nilijifunzia kubadili gia kwa mkono wa kushoto na kuchanganya oili na petroli kwa kukisia. Hilo lilimtosha shemeji. Tena halikuwa mbali sana na shughuli yetu, kwa sababu Vespa na Guzzi siku hizi zinakaa nyumba moja. Piaggio ya Pontedera, iliyoanza kutengeneza Vespa mwaka 1946, iliichukua Moto Guzzi mwaka 2004, baada ya kiwanda hicho kupita mikononi mwa wenyewe kadhaa. Vespa ni mtoto wa kuzaa; Guzzi ni wa kulea, na alipoletwa alikuwa ameshapita miaka themanini.

Geti la kiwanda liko Via Parodi, namba 57, nalo ni jekundu. Wenye Guzzi huja kutoka nchi za mbali kulipiga picha pamoja na pikipiki zao. Tulikuta Wajerumani wawili, wazee wenye ndevu nyeupe, wakipeana zamu: mmoja anasukuma pikipiki mpaka usawa wa geti, mwenzake anapiga picha, kisha wanabadilishana. Shemeji alisimama pembeni mikono mfukoni, hana pikipiki ya kupiga nayo picha, na nilimwona akimeza mate.

Ni kiwanda kidogo. Honda huhesabu pikipiki zake za mwaka kwa mamilioni. Hawa huhesabu kwa maelfu. Lakini hawajahama. Tangu 1921 Guzzi zinatoka mji huu huu, nyuma ya reli hii hii. Habari yenyewe ilianza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, katika kikosi cha ndege cha jeshi la wanamaji la Italia. Carlo Guzzi alikuwa fundi. Giorgio Parodi na Giovanni Ravelli walikuwa marubani. Waliahidiana kwamba vita vikiisha watatengeneza pikipiki pamoja: Guzzi abuni, Parodi atafute fedha, Ravelli, aliyekuwa ameshajulikana kwa mbio, aende mashindanoni. Vita viliisha, kisha Ravelli akafa kwa ajali ya ndege mwaka 1919. Yule tai anayetandaza mabawa kwenye tenki la kila Guzzi amewekwa kwa kumbukumbu yake. Fedha zilitoka kwa baba yake Parodi, mwenye meli wa Genova, ambaye mwanzoni alikubali kutoa lira elfu moja na mia tano au elfu mbili za majaribio, kwa sharti kwamba kiasi hicho kisipitwe. Kampuni iliandikishwa Genova tarehe 15 Machi 1921, na pikipiki ya kwanza kuuzwa, Normale, ilikuwa na silinda moja iliyolazwa kuelekea mbele na nguvu za farasi 8.

Makumbusho yamo ndani ya kiwanda, nami nilimwomba shemeji tuyapitie kabla ya kwenda dukani. Alikubali kwa shingo upande. Mtu mwenye hamu ya kununua hana subira na vitu visivyouzwa. Lakini mle ndani ndimo nilimoanza kuelewa tunachochagua.

Kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni ile waliyoiita Norge. Miaka ya 1920 watu waliamini kwamba pikipiki yenye springi nyuma itayumba na kumtupa mpandaji, kwa hiyo gurudumu la nyuma lilifungwa moja kwa moja kwenye fremu na mgongo wa mtu ndio uliofanya kazi ya springi. Giuseppe Guzzi, kaka yake Carlo, alibuni fremu yenye springi nyuma, na hakuna aliyemwamini. Mwaka 1928 akaipanda mwenyewe, akatoka Italia hadi kaskazini kabisa ya Norway, kwenye barabara za wakati ule, akarudi mzima. Niliitazama muda mrefu. Ni pikipiki nzito, rangi imekauka, mkoba wa vifaa umefungwa nyuma. Huyu hakuwa anashindana na mtu. Alitaka kujua tu kama mgongo utafika salama, na hilo ndilo swali ambalo dada angetuuliza siku hiyo nzima.

Hatua chache mbele ipo Galletto, iliyotoka mwaka 1950, wakati Vespa ilikuwa imeshaiteka Italia. Guzzi hawakuiga. Walitengeneza kitu cha kati, chenye kinga ya miguu kama skuta na tairi la akiba, lakini kwa magurudumu makubwa ya pikipiki. Mwenye Vespa yeyote aliyewahi kuingia shimo moja baya usiku atalielewa wazo hilo papo hapo. Kando yake kuna Ercole, guta la injini lenye magurudumu matatu lililobeba hadi tani moja na nusu, na ambalo liliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1980. Nadhani lingepata wateja kwetu Mwanakwerekwe hata leo.

Na ipo ile ambayo watu huinong'onea, Otto Cilindri. Giulio Cesare Carcano aliyeibuni alichukua cc 500 akazigawa kwa silinda nane. Kila silinda ni kama kikombe cha kahawa. Katikati ya miaka ya 1950, wakati ambapo breki zilikuwa za ngoma na kofia ya mpandaji ilikuwa bakuli tu kichwani, pikipiki hii ilikimbia zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Waliweza kuichonga hivyo kwa sababu walikuwa na handaki lao la upepo, lililojengwa mwaka 1950 ndani ya kiwanda hiki, kubwa kiasi cha kuingiza pikipiki pamoja na mtu juu yake. Baada ya msimu wa 1957 Guzzi wakajitoa kwenye mbio za dunia. Gharama ziliwashinda, na wateja walikuwa wakihamia kwenye magari madogo.

Carcano huyo huyo ndiye aliyeunda injini iliyoiokoa kampuni. Serikali ilihitaji pikipiki imara ya polisi na jeshi, na jibu lake likawa V7, iliyoingia sokoni mwaka 1967: silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V, moja kulia na moja kushoto, zimechomoza nje zipigwe na upepo. Krenki imelala kufuata urefu wa pikipiki, kama kwenye gari nyingi za zamani, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya cheni. Polisi wa Los Angeles nao walizinunua, na huko ndiko lilikotoka jina la Guzzi ya California.

"Sasa twende dukani?" shemeji aliuliza.

"Shemeji, dukani tumeshaingia," nikamwambia. "Hiyo V7 ndiyo utakayouziwa."

Hakunielewa mpaka tulipofika kwa wakala, upande wa Lecco, na zote zikawa zimepangwa mstari mmoja kwenye sakafu inayong'aa: V7, V9, V85, V100 Mandello, Stelvio. Kwa picha za simu ni pikipiki tano. Ukichuchumaa ukazitazama chini ya tenki ni injini mbili. V7, V9 na V85 zina injini ya cc 853 inayopozwa kwa upepo, yenye valvu mbili kwa kila silinda zinazofunguliwa kwa fito, kwa mpangilio ule ule wa zile tulizotoka kuziona makumbusho. V100 na Stelvio zina injini mpya ya cc 1042, inayopozwa kwa maji, valvu nne kwa kila silinda, iliyotambulishwa mwaka 2021 kampuni ilipotimiza miaka mia. Umbo la V ni lile lile, shafti ni ile ile, lakini vichwa vya silinda vimegeuzwa na ndani yake ni kazi mpya kabisa. Kampuni ndogo haina fedha ya kubuni injini kwa kila jina inalouza. Inatengeneza injini chache vizuri, kisha inabadilisha fremu, kiti, tenki na tairi. Kwa hiyo mnunuzi wa Guzzi akitaka kupunguza usiku wa kufungua picha, achague injini kwanza. Yanayobaki yataamuliwa na makalio na miguu.

Muuzaji alikuwa kijana mpole aliyezungumza na shemeji kwa Kitaliano cha haraka, na kila mara alinigeukia kunionyesha kitu kwa kidole, akijua chuma hakihitaji mkalimani. Alipiga stata V7 iliyokuwa nje, akapiga resi kidogo. Pikipiki nzima ikajiinamisha kulia, halafu ikarudi.

Dada aliruka nyuma. "Hii mbona inaanguka?"

Haianguki. Krenki ikiwa imelala kwa urefu, ukiizungusha ghafla mwili wa pikipiki husukumwa upande wa pili. Ukishaanza kwenda hulihisi tena. Wenye Guzzi wanalipenda jambo hilo kiasi kwamba wakisimama kwenye taa nyekundu hupiga resi bila sababu, wajihisi tu.

Duka hilo pia hukodisha. Tulichukua V7 na V85 kwa mchana mzima. Mimi V7, kwa leseni yangu ya kimataifa iliyogeuzwa-geuzwa mezani kabla ya kukubaliwa, na shemeji V85 na dada nyuma yake. Stelvio alipewa kuijaribu muda mfupi kabla hatujaondoka, muuzaji akimfuata kwa pikipiki nyingine. Aliporudi macho yalikuwa makubwa. Nguvu za farasi 115, alisema, na inavuta kama imefungwa kamba na mlima. Zipo hata zenye rada ya kuangalia gari zilizo mbele na nyuma. Lakini nilikuwa nimemwona alipokuwa akisimama kwenye mteremko wa kuingilia duka. Shemeji si mrefu. Kiti cha Stelvio kiko milimita 830 kutoka chini na pikipiki yenyewe ina kilo 246, na pale mteremkoni alisimama kwa ncha ya kiatu kimoja, mguu wa pili ukitafuta ardhi hewani. Hakulitaja hilo. Nami sikulitaja mbele ya mkewe.

V100 Mandello tuliikalia tu. Ina vibawa viwili ubavuni mwa tenki ambavyo hufunguka vyenyewe kadiri spidi inavyopanda ili kumkinga mpandaji na upepo. Muuzaji alivifungua kwa fahari. Dada akavitazama, akauliza kwa Kiswahili, "Na huyu wa nyuma, upepo wake anaufungua nani?" Shemeji hakutafsiri.

Tukatoka Lecco kupanda Ballabio, njia ya Valsassina. Ni barabara ya kona zisizokatisha tamaa, pana ya kutosha, milima ya mawe meupe kushoto, na harufu ya zizi la ng'ombe na jibini. Hapo V7 ilinifanyia jambo ambalo sikulitarajia: ilinifundisha kutokuwa na haraka. Hiyo niliyokodi ilikuwa na nguvu za farasi 65, ambazo kwa watu wa hapa si kitu, lakini nguvu yake iko chini. Unaiweka gia ya tatu, unaiacha humo. Ukikaribia kona unalegeza mkono, injini inashika pikipiki yenyewe. Ukitoka unavuta kidogo, inasukuma bila kupiga kelele. Kiti kiko milimita 780 tu, miguu yote miwili inakaa chini kamili, na uzito wake wa kilo 218 uko chini kiasi kwamba unausahau ukishaanza kwenda. Ubaya wake ni springi za nyuma. Kwenye lami iliyotengenezwa hakuna neno. Kwenye viraka vya karibu na Introbio kila kiraka kilinijia uti wa mgongo, nami nikamkumbuka Giuseppe Guzzi na Norway yake.

Mbele yangu V85 ilikuwa ikivipita viraka hivyo hivyo kama haivioni. Ni injini ya ukubwa ule ule lakini imechokonolewa zaidi na kufikia farasi 80, na chini yake kuna springi ndefu na gurudumu la mbele la inchi 19. Ilitoka mwaka 2019 kwa ajili ya watu wanaotaka kwenda mbali hata lami ikiisha, na baadhi ya rangi zake walizipa majina ya majangwa: Sahara, Kalahari, Atacama. Ni biashara, najua. Wengi wanaozinunua hawatafika hata jangwa moja; watakwenda kunywa kahawa kijiji cha pili. Lakini nikimtazama dada nyuma ya mumewe, amekaa wima, mkono mmoja kaachia akinionyesha maporomoko ya maji, nikaona kwamba pikipiki iliyotengenezwa kwa jangwa inamfaa mama wa Kizanzibari mwenye umri wake kuliko nyingine yoyote pale dukani.

Kutoka Taceno barabara inateremka Bellano kwa kona zinazokunjana juu ya korongo, na ghafla ziwa liko chini yako lote. Tulifuata pwani yake kuelekea kusini, tukala Varenna. Shemeji aliagiza missoltini, samaki wadogo wa ziwa hili wanaotiwa chumvi, wanaotungwa kwenye kamba na kuanikwa juani, kisha wanabanwa koponi pamoja na majani ya mbei. Huletwa mezani wamebanikwa, na siki, pamoja na polenta. Polenta ni ugali wa mahindi ya njano, na hao samaki ni ng'onda. Dada aliwatazama akacheka, akala wake akamaliza, akaanza na wangu.

Hapo mezani ndipo mambo yaliposemwa. Mimi niliulizwa kwanza, kwa heshima ya Vespa.

Nilisema kwamba ingekuwa ni yangu, ningechukua V7. Sababu ya kwanza ni tapeti. Kwenye injini ile ya fito, silinda zimejitokeza nje pande mbili. Unafungua mfuniko kwa bolti chache, unapima nafasi ya valvu kwa kipande chembamba cha chuma, unalegeza nati, unakaza, umemaliza. Mtu mwenye spana na asubuhi moja ya Jumapili anaweza kuifanya kwenye banda lake la gari. Ile ya maji huifanyi nyumbani. Shafti zinazofungua valvu ziko juu yake, kuna radieta na mabomba njiani, na lazima umpelekee wakala. Mawakala wa kampuni ndogo hawapatikani kila kona. Ukiwa Lecco ni sawa, wapo. Ukiharibikiwa kusini ya mbali au ng'ambo ya Balkani, utajua.

Shemeji alisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini kile ambacho nadhani alikuwa nacho tangu mwanzo: kwamba akistaafu angependa kuisafirisha nyumbani.

Nilimjibu kama ndugu. "Shemeji, usijisumbue. Unguja ukitaka pistoni ya Vespa unaipata kabla chai haijapoa. Pistoni ya Guzzi utaisubiri meli. Na kisiwa chote, kutoka Nungwi mpaka Makunduchi, ni tenki moja kwenda na kurudi, nayo haijaisha." V7 ina tenki la lita 21. Ukiwa na Guzzi Unguja utakuwa ukizunguka mduara ule ule, watoto wakikushangilia, mpaka siku kebo ya klachi ikatike.

"Kwa hiyo Stelvio hapana?" aliuliza.

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeuona ule mguu ukitafuta ardhi, naye alijua kwamba nimeuona. Akachokoa polenta yake. Kisha, bila kushurutishwa na mtu, akasema kwamba ni nzuri sana, ila kusimama nayo ukiwa na mtu nyuma na mizigo kunataka mtu mrefu zaidi. V85 nayo kiti chake ni milimita 830, si kifupi, lakini ni nyepesi kwa zaidi ya kilo kumi, na kiti chembamba mbele, miguu inashuka vizuri. Njia nzima alikuwa amesimama nayo kwenye kona za Valsassina na dada nyuma bila kutikisika. Na tofauti ya bei, alisema akinitazama mimi badala ya mkewe, ni maelfu ya euro.

"Mmemaliza?" dada aliuliza. "Mimi nilichagua kule juu kwenye maporomoko. Hiyo yako, mdogo wangu, ni nzuri ukiwa peke yako. Nimekitazama kiti chake cha nyuma, magoti yangu yangefika masikioni. Na ile kubwa, baba watoto, ungeniangusha kwenye taa za Lecco, nawe unajua. Chukua hii niliyokaa leo. Lakini iwe na masanduku pembeni. Siendi safari na mkoba mgongoni kama mwanafunzi."

Kuna V85 inayoitwa Travel, inayokuja na masanduku hayo tayari, kioo cha upepo kirefu na mshikio unaopashwa moto kwa ajili ya baridi. Kwa maoni yangu ilikuwa ghali bila sababu. Masanduku unaweza kuyanunua baadaye. Sikulisema. Ng'onda wangu walikuwa wameshaliwa na sikutaka kupoteza na polenta.

Tulirudi kwa njia ya zamani ya pwani, ile inayopita ndani ya miji badala ya kupita kwenye mahandaki ya barabara kuu. Mandello tulipita polepole. Wajerumani walikuwa wameshaondoka, geti jekundu liko peke yake, na shemeji, akiwa juu ya V85 ya kukodi, akasimamisha. Hakusema kitu, alinipa simu tu. Nilipiga picha: yeye, dada akiwa nyuma amevaa kofia ya kukodi iliyomzidi ukubwa, tai kwenye tenki, geti nyuma yao. Mara ya kwanza dada alifumba macho. Tukarudia.

Dukani karatasi zilichukua muda mrefu kuliko kona zote za Valsassina. Rangi waligombania, na shemeji akashinda. Muuzaji akaeleza kwamba majira ya baridi yanakaribia, kwa hiyo hakuna haraka: waichukue pikipiki, waizoee ziwani, na Passo dello Stelvio wausubiri mwakani, kwa sababu theluji huufunga mpaka mwisho wa Mei au zaidi. Shemeji akamtafsiria mkewe. Dada akauliza huko Stelvio kuna nini hasa, kila mtu anakutaja.

"Njia ya mlimani," shemeji alisema. "Mita 2,757 juu. Upande wa Prato una kona arobaini na nane za kugeuka nyuma kabisa."

Dada alifikiri, mkoba wake magotini, wakati mumewe anatia saini ya mwisho.

"Basi tutakwenda Juni," alisema. "Kona kumi nitakaa nyuma yako. Hizo thelathini na nane zilizobaki, niulizie kama kuna basi."

Muuzaji alipotafsiriwa alisema lipo.